Fisi na Rangi ya Tano

Mwaka ule masika yalinguruma upande wa kaskazini siku mbili, kisha yakapita zake. Vuli haikuonekana kabisa. Mito ya Mkwajuni ikageuka njia za mchanga, na katika nchi nzima ikabaki chemchemi moja tu, ile ya Bondeni. Ilitoa maji taratibu kama jasho, na kila kulipokucha ilikuwa imejaza bwawa moja la mawe.

Mkwajuni ilikuwa na koo saba, na kila ukoo ulikuwa na eneo lake lenye jina lake. Swala walikaa Bondeni, katikati. Waliowazunguka walikuwa watatu: Nyati wa Tope, Pundamilia wa Ukindu na Ngiri wa Changarawe, na hao watatu nao walipakana wao kwa wao. Nje yao alikaa Fisi wa Mapangoni. Eneo lake lilikuwa refu, limejikunja kama mkia, likiwagusa wote watatu. Upande uliosalia walikaa Twiga wa Migungani na Sungura wa Vichakani. Mfalme Simba alikaa juu ya Jabali. Yeye hakuwa na zamu ya maji, kwa kuwa mfalme hunywa aonapo kiu.

Sheria za maji zilikuwa mbili. Ya kwanza ilisema kwamba majirani wanaopakana hawanywi siku moja, kwani jirani akikutana na jirani bwawani husahau kiu na kukumbuka nyasi zilizoliwa upande usio wake, na damu ilikwisha kumwagika kwa ajili hiyo. Ya pili ilisema kwamba mlinzi wa maji lazima atoke katika ukoo usiopakana na Bondeni, asije akachimba mfereji wa kuyavuta maji kwake. Waliofaa kwa kazi hiyo walikuwa watatu. Twiga hakusema neno, Sungura hakuaminiwa na mtu, na Fisi alipiga kelele kuliko wote. Fisi akawa mlinzi.

Naye akapanga zamu kwa namna iliyomfaa mwenyewe. Koo saba, siku saba, kila ukoo siku yake. Ukoo mmoja ulikunywa nusu ya bwawa ukaondoka. Nusu iliyobaki Fisi aliita "masalio," na masalio, alisema, ni kazi ya mlinzi kuyasafisha.

Siku moja Sungura alikwenda Bondeni kumjulia hali Mama Swala. Alimkuta amesimama mbele ya Fisi, na ubavuni pake mtoto wake, Chembe, ameegemea kama kijiti.

"Bwana Mlinzi," Mama Swala alikuwa akisema, "maji yako hatua kumi kutoka tulipolala. Mtoto anayaona. Naomba alambe tu."

"Leo siku ya nani?" Fisi aliuliza.

"Ya Ngiri, Bwana."

"Wewe ni Ngiri?"

"Hapana."

"Basi ungekuwa na meno ya kutokeza nje, tungezungumza." Fisi akacheka peke yake, akapangusa mdomo. Mdomo ulikuwa unadondosha maji.

Sungura alimvuta Mama Swala pembeni. "Mtoto anaweza kukaa siku ngapi bila kunywa?"

"Siku ya nne bado anasimama. Siku ya tano magoti yanakwisha. Dada yake nilimpoteza siku ya tano, tena Bondeni hapahapa, maji yanang'aa mbele ya macho yake."

"Na zamu yenu ni lini?"

"Keshokutwa. Juzi alipata umande wa kulamba. Safari hii atafika. Zamu inayofuata ni ya siku saba kamili, baba. Hiyo hataifikia."

Sungura alirudi mbio hadi chini ya Jabali, kwenye mwamba mpana ulio laini kama sakafu, akachora juu yake nchi yote ya Mkwajuni kwa kipande cha mkaa, mpaka kwa mpaka. Kisha akakusanya udongo mwekundu, chokaa, na majani ya mswaki, mti ambao haunyauki hata wakati wa kiangazi, akayaponda yakatoa kijani.

Mzee Kobe, ambaye nyumba yake iko mgongoni na kwa hiyo hana mpaka na mtu, alikuwa anaota jua hapo.

"Unafanya nini, bwana mdogo?"

"Napaka nchi rangi, Mzee."

"Nchi imekukosea nini?"

"Tazama. Rangi moja ni siku moja. Wanaopakana wasipate rangi moja. Wasiopakana waipate wakitaka. Fisi ametupa rangi saba. Mimi nataka kujua chache kabisa zinazotosha."

Alipaka Tope kwa mkaa, Ukindu kwa udongo mwekundu, Changarawe kwa chokaa. Bondeni akaipaka kijani. Kisha akasita mbele ya Mapangoni, akaangalia mipaka, akacheka: Fisi hakuwa anapakana na Swala. Akampaka kijani pia. Migungani ikapata mkaa, Vichakani ikapata nyekundu.

"Nne," alisema.

"Na tatu je?"

"Tatu haziwezekani, Mzee. Nyati, Pundamilia na Ngiri wanapakana wote, kwa hiyo wanazimaliza tatu. Swala yuko katikati yao anawagusa wote. Atavaa nini?"

Kobe alitikisa kichwa polepole, na kwa Kobe polepole ni polepole kwelikweli. "Hiyo ni Mkwajuni. Na kama nchi ingekuwa na koo sabini, na mipaka imepindapinda kama matumbo ya mbuzi?"

Sungura akachora nchi za uongo mchangani. Kobe naye akachora zake, akiweka mipaka ya hila na vipembe vya ajabu ili amkwamishe. Kila moja ilitosheka na rangi nne. Saa nyingine Sungura alilazimika kufuta na kuanza upya mara tatu, lakini ya tano haikuhitajika kamwe.

"Kwa nini?" aliuliza Kobe.

"Sijui."

"Hujapata nchi inayodai ya tano. Lakini kutopata kwako si kutokuwepo kwake."

"Najua, Mzee. Hilo ndilo linaloniwasha."

Kesho yake asubuhi Simba aliitisha baraza. Sungura alieleza mwamba wake, na koo zikasogea kuangalia. Nyati alifurahi kuona eneo lake lilivyo jeusi. Pundamilia alinung'unika kidogo kwamba yeye alizoea rangi mbili.

Fisi alizunguka mwamba mara mbili akitafuta kosa. Akalipata. "Mfalme, huyu ni mwongo! Amewapa Nyati na Twiga rangi moja, na wote wawili wanagusana pale kwenye Jiwe la Kona!"

"Wanagusana penye nukta," Sungura alisema. "Pale zinakutana nchi nne: Tope, Ukindu, Migungani na Vichakani. Bwana Nyati, umewahi kugombana na Twiga juu ya nyasi za Jiwe la Kona?"

"Nyasi zipi?" Nyati aliuliza. "Pale hata unyasi mmoja hauenei."

"Basi si mpaka. Mpaka una urefu. Penye mpaka watu wawili wanaweza kusimama na kutukanana."

Simba alipenda hoja hiyo, akaunguruma kwa kuridhika kana kwamba ni yake. "Rangi nne, siku nne. Kesho swala wamalizie zamu yao ya zamani, tunaanza keshokutwa. Siku ya kwanza mkaa, ya pili nyekundu, ya tatu chokaa, ya nne kijani. Kila mnyama ajipake kipaji rangi ya kwao."

"Mfalme!" Fisi alipaza sauti. "Mimi ninywe siku moja na swala? Bwawa moja?"

"Kwani utawaambukiza nini?" Ngiri aliuliza, na baraza zima likaangua kicheko.

Fisi hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu. Kwa mpango huu koo mbili zingekunywa kwa pamoja karibu kila siku, na masalio yangekuwa tope. Aliondoka barazani mapema, akifuata njia ya Bondeni.

Siku ya kuanza ilipofika, Sungura alikuwa wa kwanza kuamka, kipaji chake chekundu tayari, ingawa zamu yake ilikuwa ya kesho. Lakini hakuna aliyekuwa anakunywa. Watu wote walisimama katikati ya Bondeni wakitazama kichuguu kimoja. Kilikuwa kimezungushiwa mawe ya mpaka, yamepangwa vizuri, na ndani yake Fisi alikuwa amepiga magoti mbele ya mifupa mitatu.

"Babu yangu," alimwambia Simba kwa sauti ya msiba. "Amelala hapa. Nilioteshwa. Hapa ni Mapangoni Ndogo, nchi ya wazee wangu."

"Tumezaa watoto juu ya kichuguu hicho vizazi vitatu," Mama Swala alisema kwa woga. "Hatujaona kaburi."

"Mlichimba?"

"Hapana, lakini..."

"Hawakuchimba, Mfalme!" Fisi akainuka, akijikung'uta magoti. "Sasa, mimi mtu wa sheria. Mapangoni ni yangu, na Mapangoni Ndogo ni yangu; nchi moja, jina moja, rangi moja. Nipeni rangi. Mkaa? Napakana na Nyati. Nyekundu? Napakana na Pundamilia. Chokaa? Huyo hapo Ngiri jirani yangu. Kijani?" Akaweka mguu juu ya jiwe la mpaka. "Napakana na Swala kuanzia hapa mpaka pale. Bwana Sungura, mwenye akili za kuazimisha, nivae nini?"

Sungura aliangalia mawe, akaangalia mwamba wa nchi alioukariri kichwani. Fisi alikuwa sahihi. Rangi nne zilikuwa zimekwisha.

"Bahati nzuri," Fisi alisema, "nimekuja na yangu." Akatoa nyuma ya mawe bonge la udongo wa njano. "Rangi ya tano. Siku ya tano. Yangu peke yangu, kwa heshima ya marehemu."

Sungura hakuhitaji kumtazama Chembe ili ajue maana ya kungoja zamu mpaka siku ya tano, lakini alimtazama. Mtoto alikuwa amelala, na mama yake amemsimamia kumkinga jua.

"Mfalme," Sungura alisema haraka, "nchi ni mahali ambapo mwenyewe anaweza kutembea toka mwisho mpaka mwisho bila kuomba njia. Bwana Fisi hawezi kutoka Mapangoni kuja hapa bila kukanyaga kwa mtu. Kwa hiyo hii si nchi moja, ni..."

Nywele za shingoni mwa Simba zilisimama. "Na Kilima cha Babu, kaburi la aliyemzaa baba yangu, kilicho katikati ya Tope? Ninapokwenda kukizuru napita kwa Nyati. Kwa hiyo si changu?"

Nyati alianza kuchunguza kwato zake.

"Mtukufu," Sungura alisema, masikio yamelala, "nani anaweza kumpaka jua rangi? Maneno yangu yalikuwa ya sisi tulio chini."

"Fisi amemheshimu babu yake kama mimi ninavyomheshimu wangu. Siwezi kumdharau kwa hilo." Simba akageuka kuondoka. "Leo na wanywe wa mkaa kama ilivyopangwa. Nitaamua kesho asubuhi. Kama huna jingine, Sungura, rangi zitakuwa tano."

Alasiri nzima Sungura alikaa juu ya mwamba, akipaka na kufuta, mpaka vidole vikawa na rangi zote kwa pamoja. Kobe alimwacha apumue kwanza.

"Umeipata ile nchi uliyokuwa unaitafuta," Kobe alisema mwishoni. "Inayodai ya tano."

"Sikuipata. Imetengenezwa." Sungura alitupa bonge la chokaa. "Mimi nilidhani kila nchi ni kipande kimoja. Sikulisema, kwa sababu sikujua kwamba ninalidhani. Yeye kaweka jina moja juu ya vipande viwili, na nne zangu zikavunjika hapohapo. Na siwezi kulisema sasa, maana mfalme naye ana vipande viwili."

"Basi usiliseme."

"Na mtoto?"

"Sikusema unyamaze. Nimesema hilo usiliseme. Acha kuuliza rangi ngapi. Fisi anataka nini?"

"Bwawa zima, siku nzima, bila macho ya mtu."

"Na ili alipate, amekubali nini?"

Sungura alitazama mwamba. Mapangoni, ile ndefu iliyojikunja kama mkia. Na katikati ya kijani cha Bondeni, doa dogo la njano. Fisi alikuwa amejitahidi sana kuwa jirani wa Swala. Kumbe alikuwa hajawahi kuwa, na kulikuwa na sababu ya yeye kutokuwa. Sungura akaruka juu mara moja, akarudi chini, akaruka tena.

"Mzee!"

"Nimesikia," Kobe alisema. "Sasa nenda ukalale, maana ukiendelea hivyo utanivunjia mwamba."

Asubuhi Sungura alifika barazani ametulia, kipaji kimepakwa vizuri, mikono imeoshwa kwa mchanga. Fisi alikuwa amekwisha kujipaka njano toka paji la uso mpaka mabegani.

"Una jingine?" Simba aliuliza.

"Sina la kumpinga Bwana Fisi, Mfalme. Jana nilikosea."

Minong'ono ilizunguka. Mama Swala alimtazama kana kwamba amempiga kofi. Sungura alijilazimisha asimtazame.

"Ila naomba baraza lithibitishe, ili asije mtu kumsumbua baadaye. Bwana Fisi, Mapangoni Ndogo ni nchi yako?"

"Ni yangu."

"Si kaburi tu. Ni nchi, ina mipaka?"

"Ina mipaka! Mawe huyaoni?"

"Kwa hiyo wewe na Swala wa Bondeni ni majirani?"

"Majirani wa damu!" Fisi alisema, akimtupia Mama Swala tabasamu. "Jirani yangu mpenzi, tangu enzi za babu."

"Baraza limesikia?" Limesikia, walijibu. "Basi nina swali dogo tu, Mfalme, la utaratibu. Bwana Fisi sasa anapakana na Bondeni. Mlinzi mpya wa maji ni nani?"

Ngiri akakohoa kicheko puani.

"Mlinzi ni mimi," Fisi alisema.

"Ulikuwa wewe, kwa sababu ulikuwa mbali na Bondeni. Sheria ya pili. Mlinzi hapakani na chemchemi. Tena wewe hupakani tu: uko ndani, hatua thelathini kutoka bwawani. Tangu enzi za babu, umesema. Kwa hiyo hata siku zote ulizokuwa mlinzi hukuwa unaruhusiwa, na hayo masalio yote uliyoyasafisha..."

"Ngoja," alisema Fisi.

"...sijui tuyaiteje."

"Ngoja kwanza, Bwana Sungura. Ngoja." Fisi alitazama bwawa, akatazama kichuguu. Sungura aliona macho yake yakienda na kurudi: siku moja ya bwawa zima, au kazi ya kila siku. Njano ilianza kumtiririka kwa jasho. "Pale padogo mno. Huwezi kupaita nchi. Ni kichuguu tu."

"Hapana mipaka?"

"Mipaka gani! Vimawe tu hivyo."

"Kwa hiyo hupakani na Swala?"

"Mimi na swala? Wapi na wapi? Simjui hata mama yake!"

"Basi kijani kinakufaa," Sungura alisema, "na rangi ni nne."

Fisi akashusha pumzi, akidhani ameokoa nusu. Lakini Simba alikuwa amesimama.

"Na babu yako?" aliuliza kwa sauti ndogo, ile ambayo walioijua waliiogopa kuliko ngurumo.

"Babu yangu, Mfalme? Ilikuwa... ilikuwa mzaha wa..."

Nyati alikuwa amekisogelea kichuguu, akinusa mfupa mrefu. "Samahani, Mfalme. Babu yake Bwana Fisi alikuwa na kwato? Maana hapa mwishoni pana ukwato."

"Ulipiga magoti mbele ya mguu wa ng'ombe mwitu," Simba alisema, "ukaufananisha na Kilima changu. Na mimi, mbele ya baraza zima, nikasema umemheshimu babu yako kama mimi."

Fisi hakungoja neno la pili. Alikimbia, na udongo wa njano ukabaki nyuma yake njiani kama vumbi. Hukumu ilimfuata baadaye: ulinzi amevuliwa, zamu yake ni siku ya kijani pamoja na swala, na atakunywa wa mwisho.

Ulinzi akapewa Twiga. Twiga hakusema asante wala hapana. Ila wote waliona kwamba uteuzi ulikuwa mzuri, kwani Twiga akitaka kunywa ni lazima atanue miguu ya mbele kama anayejenga hema, na hakuna mwizi anayeweza kufanya hivyo bila nchi nzima kumwona.

Siku ya nne Chembe alishuka bwawani kwa miguu yake. Magoti yalitetemeka, lakini yalishika. Alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma, akapumzika, akanywa tena. Nyuma ya swala wa mwisho, kipaji cha kijani kimekauka na kupasuka, Fisi alisimama akingoja, na Twiga kwa juu akimwangalia bila kupepesa.

Sungura aliwatazama kutoka kwenye mwamba, kisha akainama tena kuchora. Kobe alikuwa amemletea nchi nyingine ya uongo, ya koo arobaini na moja, kila moja kipande kimoja kamili, na alikuwa na hakika kwamba safari hii amemweza.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa Mkwajuni. Na mpaka leo, mtu akija huko kudai kipande cha ardhi, hawaanzi kwa kumwuliza kama ni chake kweli. Humwuliza kwanza kama amekubali kuwa jirani, na jirani wa nani. Na wengi, wakisikia swali hilo, huyakusanya mawe yao wenyewe wakaenda zao.